Aliinama Kwanza, Kisha Akamchukua Mwanawe

Somo kuu: 2 Wafalme 4:18–37
Masomo ya kusaidia: Kumbukumbu la Torati 22:8, 2 Samweli 4:4 na sura ya 9, 2 Wafalme 20:1–7, Luka 13:1–5, Warumi 12:15

 

Huu ni ujumbe wa Jumapili iliyopita. Umeandikwa kwa ajili ya waliokuwa safarini, waliokuwa wagonjwa, na akina mama waliokuwa nje wakibembeleza watoto. Kabla hujaendelea na ukurasa huu, fungua Biblia yako usome somo kuu polepole mpaka mwisho. Hapa nitasimulia kwa maneno yangu, lakini Neno lenyewe lione kwa macho yako.

Ujumbe huu ulianzia ofisini, siku ya Jumatano. Mama mmoja wa kanisa hili alikuja kuomba nafasi ya kutoa sadaka ya shukrani. Wengi mmesikia habari yake. Nitaisema kwa mpangilio, na kwa ruhusa yake, kwa sababu imezungushwa sana kwenye simu na kila anayeipitisha anaongeza chumvi.

Mwanawe ana miaka 9. Katika likizo ya Agosti, alasiri moja, alichukua baiskeli ya babake bila kuomba. Ni baiskeli ya mtu mzima. Akikalia kiti, miguu haifiki kwenye pedeli, kwa hivyo aliiendesha vile watoto wetu huendesha, mguu mmoja umepitishwa chini ya kile chuma cha katikati. Kwenye mteremko wa murram unaoshuka kuelekea kinu cha unga, breki zikakataa. Raba zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Akaingia mtaroni, usukani ukageuka, ncha yake ikamdunga tumboni.

Hakutoka damu ila magotini. Akajipangusa vumbi, akanawa kwenye mfereji wa jirani, akairudisha baiskeli mahali pake, akawaambia wadogo zake wasiseme kitu. Alijua kiboko kiko juu ya kabati.

Jioni alikataa chakula. Mamake akadhani ni malaria. Lakini alipomgusa tumbo, mtoto akaruka. Jasho lilikuwa linamtoka na mwili ni baridi, na akasema bega la kushoto linauma. Bega, na hakuna alama yoyote begani! Hapo mdogo wake wa miaka 5 akashindwa kunyamaza. "Mama, alianguka na baiskeli."

Ilikuwa saa 2 na nusu usiku. Mama huyu hakungoja kupambazuke. Alibisha kwa jirani mwenye pikipiki, akatuma ujumbe wa maneno 3 kwa kikundi cha maombi cha akina mama, "Tuombeeni, tunaenda hospitali," akaondoka. Zahanati iliwaelekeza hospitali kubwa usiku uleule. Picha ya tumbo ikaonyesha kwamba bandama, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, kimepasuka na damu inavujia ndani. Kumbe lile bega lilikuwa linaleta habari ya tumbo.

Aliongezewa damu. Akalazwa siku 8. Hakupasuliwa, madaktari walimlaza kitandani, hakuna kuruka wala kucheza, wakimpima usiku na mchana, na kidonda kile cha ndani kikaanza kujifunga chenyewe, jinsi kinavyofanya kwa watoto wengi. Sasa yuko nyumbani. Hajaruhusiwa kucheza mpira, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote.

Sasa sikilizeni alichoniambia mamake. "Pasta, nataka kumshukuru Mungu. Lakini nataka nitoe kimya kimya. Nisiitwe mbele."

Nikamuuliza kwa nini.

Akanyamaza kidogo. "Yule dada anayekaa safu ya tatu karibu na dirisha. Wake pia ilikuwa ni baiskeli. Wake hakurudi. Nitaruka vipi mbele yake?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo mahubiri haya. Mzazi ambaye mtoto wake ameamka, atamshukuruje Mungu katika kanisa moja na mzazi ambaye mtoto wake hakuamka? Akinyamaza, anamnyima Mungu haki yake. Akiruka na kupiga kelele, anamkanyaga dada yake. Tumwendee mama mwingine, wa Shunemu, atufundishe.

1. ALIINAMA KWANZA

Mama wa Shunemu alikuwa amemjengea nabii Elisha chumba juu ya nyumba yake, akakiweka kitanda, meza, kiti na taa. Hakuwa na mtoto, na Mungu akampa mmoja katika uzee wa mume wake. Mtoto akakua. Siku moja wakati wa mavuno alikuwa shambani na babake, kichwa kikaanza kumuuma. Akamwambia babake hapo hapo. Kijana wa kazi akambeba mpaka kwa mama, akakaa magotini pa mamake mpaka adhuhuri, akafa.

Unajua kilichofuata. Mama alimlaza kwenye kitanda cha nabii, akafunga mlango, akatoka mbio kwenda Karmeli. Na tusimpambe kupita kiasi. Alipofika kwa Elisha alishika miguu yake akalalamika. Alimuuliza nabii kama ni yeye aliyeomba kupewa mtoto. Hayo ni maneno makali kumwambia mtumishi wa Mungu! Gehazi alitaka kumsukuma. Elisha akamzuia, akasema roho ya mama huyu ina uchungu. Kwa hivyo mzazi uliyemlilia Mungu kwenye benchi la hospitali usiku, ukasema maneno ambayo usingeyasema kanisani, usidhani umetoka katika imani. Aliyeshika miguu akilalamika bado ameshika miguu.

Sasa twende mstari wa 36 na 37. Elisha ameomba, amejinyosha juu ya mtoto, ametembea huku na huku ndani ya nyumba, amerudi tena. Mtoto akapiga chafya mara 7, akafumbua macho. Mama anaitwa, anaambiwa amchukue mwanawe.

Simama hapo kidogo. Wewe mzazi ungefanya nini? Ungemrukia mtoto! Hata mimi. Lakini mama huyu aliingia, akaanguka miguuni, akainama mpaka chini, ndipo akamchukua mwanawe, akatoka. Alipoinama mikono yake ilikuwa bado mitupu. Mtoto yuko kitandani, hajamgusa, na tayari yuko chini akishukuru.

Hiyo ndiyo shukrani inayoweza kutolewa mbele ya mtu yeyote. Anayeinama hana urefu wa kumtazama jirani yake kutoka juu.

Lakini kuna shukrani nyingine ambayo ukiisikiliza vizuri ni majivuno yaliyovaa nguo za Jumapili. "Sisi kwetu tunaomba kila asubuhi, ndiyo maana mtoto wetu hakufa." "Mimi natoa zaka kamili, adui hawezi kugusa nyumba yangu." Wacha nikuulize: ukisema hivyo kwenye kipaza sauti, dada wa safu ya tatu anasikia nini? Anasikia kwamba yeye hakuomba. Anasikia kwamba alikula zaka. Umemshukuru Mungu na umempiga mawe mwanamke, vyote kwa pumzi moja.

Bwana Yesu mwenyewe alifunga mlango huo. Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Ilikuwa ajali, kama ajali zetu. Akawauliza wasikilizaji kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Jibu lake lilikuwa la. Akawageukia wao waliosimama wazima, akawaambia watubu. Mtu akipona, asianze kuhesabu dhambi za aliyezikwa. Ajiangalie mwenyewe.

Tena mwangalie Elisha. Huyu ni nabii ambaye, sura mbili mbele, mtumishi mmoja wa mfalme wa Shamu atasema anajua hata maneno ya chumba cha kulala cha mfalme wao. Lakini siku ile, juu ya mtoto huyu, alikiri mbele ya watu kwamba Bwana amemficha jambo hilo, hakumwambia. Nabii mzima! Sasa wewe unayetuma ujumbe kwa simu saa 5 usiku ukieleza kwa nini mtoto wa fulani alikufa, wewe umeambiwa na nani?

2. ALITANDIKA PUNDA

Mama wa Shunemu aliinama mwisho wa safari. Mwanzoni mwa safari alitandika punda. Mume wake alishangaa, kwa sababu haikuwa mwezi mpya wala sabato, sababu ya kwenda kwa nabii iko wapi? Hakukaa kubishana. Alimwambia kijana aendeshe, asipunguze mwendo mpaka aambiwe. Kutoka Shunemu mpaka Karmeli ni zaidi ya kilomita 20, na jua la wakati wa mavuno. Imani yake ilikuwa na haraka.

Nasema hivi kwa sababu bado kuna watu wanaoamini kwamba ukimpeleka mtoto hospitali, imani yako imepungua. Kanisani hapa hatufundishi hivyo. Mfalme Hezekia alipougua, Isaya aliletewa neno la Mungu kwamba mfalme atapona. Neno limetoka! Na bado Isaya aliagiza walete andazi la tini walibandike kwenye jipu. Soma 2 Wafalme 20. Ahadi na dawa zilikaa chumba kimoja bila kugombana. Mama wa kijana wetu aliomba akiwa juu ya pikipiki. Kama angeombea sebuleni mpaka asubuhi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kwa hivyo wacha niseme mambo ya kawaida kabisa, na mtu asiseme Pasta ameacha Injili.

Mtoto akianguka na baiskeli, usiangalie damu peke yake. Usukani ukimpiga tumboni, ngozi inaweza kubaki nzima na ndani kumeumia, na dalili zije baada ya saa nyingi. Tumbo likiuma au likiwa gumu, akitapika, akitoka jasho la baridi, akipauka, au bega likimuuma bila sababu, nenda hospitali usiku huo huo. Usimlishe wala kumnywesha mpaka daktari amwone. Akiwa amegonga kichwa, angalia kama anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganya maneno, anapata kifafa, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au damu au maji yanatoka sikioni au puani. Hapo hakuna kungoja. Na kama shingo au mgongo unamuuma, usimwinue kwa kumvuta mikono; mwache alale alivyo mpaka mtu anayejua afike, isipokuwa yuko mahali pa hatari.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa Shunemu. Kichwa kilipomuuma alimwambia babake papo hapo. Wetu alinyamaza saa 5 nzima. Tofauti ni nini? Kiboko juu ya kabati. Wazazi, simaanishi tusirudi watoto; Biblia inatuagiza kuwarudi. Lakini mtoto wako ajue, na umwambie leo kabla ya kulala, kwamba akiumia anaweza kuja kwako hata kama ameumia akifanya kosa. Mwambie hivi: "Ukianguka, niambie kwanza. Mengine tutazungumza ukishapona." Adamu alipokosea alijificha kwenye miti, na Mungu ndiye aliyeshuka bustanini kumtafuta. Tukiwa wazazi wa kutafutwa tu, ambao mtoto aliyeumia anatuogopa kuliko anavyoogopa maumivu, tumewafundisha habari mbaya juu ya Baba yetu wa mbinguni.

Halafu Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa tambarare, watu walipanda juu kupumzika na kuanika vitu. Mungu akaagiza: ukijenga nyumba, weka ukingo juu ya paa, ili mtu asianguke ukawa na hatia ya damu nyumbani mwako. Mungu yule yule anayewaagiza malaika watulinde ndiye aliyedai ukingo. Hakuona kwamba ukingo ni kumkosea imani.

Ukingo wetu ni nini? Ni raba za breki. Fundi wa baiskeli pale sokoni anabadilisha ukingoja. Ni kengele na taa. Ni helmeti kwa anayeweza kununua, na asiyeweza asiwaruhusu watoto waingie barabara ya lami. Ni baiskeli inayomtosha mtoto. Ni kukaza na kuziba zile ncha za usukani zilizobaki chuma kitupu. Ni miguu ya mtoto anayebebwa kwenye karia kuwekwa mbali na spoki za gurudumu la nyuma, kwa maana wengi wameumia hapo visigino. Baba, sadaka ya shukrani ya wiki hii inaweza kuwa ni kumpelekea fundi baiskeli.

Na jambo la mwisho hapa. Kila Jumapili tunaimba juu ya damu, na ni vyema. Damu ya Yesu ndiyo iliyotununua. Lakini usiku ule kijana wetu alihitaji pia damu ya kuwekwa mshipani, na ilikuwepo kwa sababu mtu asiyemjua alikuwa amenyosha mkono wake siku fulani akatoa. Hatuwezi kumtafuta mtu huyo tumpe asante. Tunaweza kuwa yeye kwa mtoto wa mtu mwingine. Mwenye miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi na afya njema, anaweza kutoa damu, na hakuna malipo. Mzee wa kanisa anayesimamia vijana anaandika majina baada ya ibada. Jina langu limeshaandikwa.

3. MTOTO ALIYEBAKI NA VILEMA, NA MTOTO ASIYERUDI

Biblia ina mtoto mwingine aliyeanguka, na huyu hakuamka akiwa mzima. Katika 2 Samweli 4:4 tunasoma habari ya Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka 5 habari za kufa kwa babake na babu yake zilipofika. Yaya wake akamwinua akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Yaya hakuwa mbaya, alikuwa anamwokoa. Angalia pia kwamba Biblia haimlaumu kwa neno hata moja. Mlio na wasichana wa kazi nyumbani, sikieni hilo. Mtoto akianguka mikononi mwa mtu aliyekuwa anampenda, mtu huyo naye ameumia.

Hakuna nabii aliyekuja kumwinua Mefiboshethi. Hakupiga chafya mara 7. Miaka ikapita, akakaa mbali huko Lo-debari, mpaka Daudi alipouliza kama kuna mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Akaletwa, akawekwa mezani pa mfalme kama mmoja wa wana wa mfalme. Na sura ya 9 inamalizika vipi? Inamalizika kwa kusema alikula mezani pa mfalme siku zote, na kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Biblia haikuificha miguu ile chini ya kitambaa cha meza. Neema ilimfikia, na miguu ikabaki vile ilivyo. Mzazi ambaye mtoto wako alipona nusu, ambaye kila siku unamvalisha viatu vya kutengenezwa au unamsukuma kwa kiti cha magurudumu, kiti chako kiko mezani pamoja na cha mama ambaye wake amepona kabisa. Usikae nyuma.

Na dada wa safu ya tatu? Baada ya Jumatano ile, mimi na mke wangu tulimtembelea. Nilimweleza swali la mwenzake. Alikaa kimya muda mrefu, na ruhusa ya kuandika alichojibu ametoa yeye mwenyewe. Alisema: "Mwambie asinyamaze kwa ajili yangu. Nikisikia mtoto ameamka, moyo wangu unafurahi, hata nikienda kulia baadaye. Kinachoniumiza si furaha yao. Kinachoniumiza ni kwamba watu wakiniona wanavuka barabara. Na binti yangu hakuna anayetaja jina lake tena, kama kwamba hakuzaliwa."

Halafu mke wangu akajua jambo ambalo hatukuwa tumeambiwa. Usiku wa pili wa kulazwa kwa kijana yule, aliyefika wodini na chupa ya uji, akakaa na mama yake mpaka alfajiri, alikuwa ni dada huyu. Alirudi katika wodi ileile ya watoto. Mimi nimehubiri miaka mingi juu ya imani, na bado sijaona ushuhuda uliopita chupa ile ya uji.

Paulo aliwaandikia Warumi juu ya kufurahi na wanaofurahi na kulia na wanaolia, na akayaweka yote mawili katika mstari mmoja, 12:15. Hakusema wanaofurahi wakae upande wa wanaume na wanaolia upande wa wanawake. Hakusema ibada ya kwanza iwe ya kicheko na ya pili iwe ya kilio. Ni kanisa moja, mstari mmoja, wakati mwingine ni mtu mmoja.

Ndiyo maana Jumapili mlimwona mama yule akija mbele na mwanawe, akapiga magoti, akatoa sadaka yake bila kelele. Na ndiyo maana mlinisikia nikitaja majina ya watoto wawili katika maombi, wa aliyepona na wa aliyelala. Wengine mliniuliza baadaye mlangoni kama nilichanganya. Sikuchanganya. Mungu aliyeshukuriwa kwa mmoja ndiye aliyempokea wa pili, na mama wote wawili ni wake.

Neno kwa wanaofariji. Mtoto wa Daudi alipougua, Daudi alifunga na kulala chini siku 7. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akaenda nyumbani mwa Bwana akaabudu. Tunapenda kuwaambia waliofiwa wainuke kama Daudi. Lakini hakuna aliyemwinua Daudi kwa nguvu. Wazee wa nyumba yake walijaribu akakataa. Aliinuka mwenyewe wakati wake. Kwa hivyo usimwendee mama aliyefiwa na saa mkononi. Mwendee na uji. Taja jina la mtoto wake. Kaa.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma 2 Wafalme 4:26–28. Mama wa Shunemu alilalamika mbele ya Elisha. Je, kuna maneno unayoogopa kumwambia Mungu juu ya mtoto wako? Kikundi kimwombee mzazi huyo bila kumhoji.
2. Ushuhuda wako wa mwisho ulimsifu Mungu au ulisifu maombi yako? Uurudie mbele ya kikundi kwa namna ambayo aliyefiwa anaweza kusema Amina.
3. Ukingo gani haupo nyumbani kwako? Taja kitu kimoja utakachotengeneza kabla ya Jumapili.
4. Ni nani katika mtaa wetu aliyezika mtoto na hatumtembelei tena? Andikeni jina, mchague wawili waende wiki hii.

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyefumbua macho. Tunainama kabla hatujawachukua, kwa maana walikuwa wako kabla hawajawa wetu. Tunakushukuru kwa mikono ya wauguzi na madaktari, kwa jirani mwenye pikipiki, kwa mtu tusiyemjua aliyetoa damu. Wakumbuke watoto wanaotembea kwa shida, na wazazi wanaowabeba. Wakumbuke mama na baba waliorudi nyumbani na nguo tupu za mtoto. Usituache tuwapite barabarani. Tupe busara ya kuweka ukingo, haraka ya kutandika punda, na nyumba ambazo mtoto aliyeanguka hataogopa kuingia akisema ameanguka. Katika jina la Yesu.

Amina.